Kanta mpya ya Molo: injini ya dizeli inataka mzigo

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi hununua viazi Molo na Mau Narok nikavipeleka soko la Kibuye, Kisumu. Baada ya miaka mingi ya kukodi lori za watu nimechukua mkopo, nimenunua kanta mpya kabisa ya tani tatu, ya dizeli na yenye turbo. Sasa kila mtu ana lake. Dereva anataka tuiendeshe kilomita 40 kwa saa bila mzigo mpaka ifikishe kilomita 2,000. Shemeji yangu, ambaye amemiliki matatu, anasema injini mpya hukanyagwa tangu siku ya kwanza ndiyo ipate nguvu. Jirani naye anasema kwa baridi ya huku iwashwe ingurume nusu saa kila asubuhi kabla haijatoka. Nimsikilize nani? Na oili ya kwanza nibadilishe lini? (Mama wa viazi, Molo)

Jibu: Mama, hongera kwa gari. Katika hao watatu hakuna wa kumfuata mzima mzima, na anayenitia wasiwasi zaidi ni dereva wako, ingawa ndiye anayeonekana kulionea gari huruma. Injini changa za dizeli ninazoletewa hapa Nakuru zikiwa tayari zinakula oili, mara nyingi hadithi yake ni hiyo hiyo: mwenyewe aliipenda sana, akaitembeza pole pole bila kitu nyuma, akaiacha ingurume uani kila asubuhi.

Uelewe kwanza kinachofanyika mle ndani, maana ukikielewa utaweza kuamua mambo mengi mwenyewe bila kuniuliza. Injini ya petroli ina plagi za kuwasha moto. Ya dizeli haina. Pistoni inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inapata moto wa zaidi ya nyuzi 500, kisha nozo inapuliza dizeli ndani na inawaka papo hapo. Kwa hiyo nguvu yote ya dizeli iko kwenye kubana, na kinachozuia hewa isitoroke wakati wa kubanwa ni zile ringi zinazoizunguka pistoni.

Kiwandani, ukuta wa silinda hauachwi laini. Hukwaruzwa makusudi kwa mawe maalumu, ukabaki na mistari myembamba inayokatana. Mistari hiyo inashika oili, na wakati injini ni mpya inaisaga ringi kidogo kidogo mpaka ringi na ukuta vipatane, pasiwe na nafasi ya gesi kupenya. Sasa, ringi kwa springi yake peke yake haibani kwa nguvu sana. Kinachoisukuma hasa ni moto wenyewe: gesi inapowaka hupenya juu ya ringi, ikaingia nyuma yake kwenye mfereji wa pistoni, ikaikandamiza ukutani. Katika injini za siku hizi zenye turbo, yaani panga linalozungushwa na gesi ya ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, shinikizo hilo hupita bar 150 mzigo ukiwa mzito. Gari likiwa tupu na mguu ukiwa mwepesi, shinikizo ni dogo. Ringi inateleza juu ya oili bila kusagika, gesi inapenya kushuka chini, na oili inayobaki ukutani inaungua pale pale. Masalia yake yanaijaza ile mistari na kuganda. Mafundi husema silinda imekuwa kioo. Ikishafika hapo, hakuna dawa ya kumimina kwenye oili wala kwenye tangi itakayoirudisha mistari. Ni kuishusha injini, kuifungua na kukwaruza upya.

Ugonjwa huu unajulikana vizuri kwa watu wa jenereta. Jenereta ya dizeli ikiachwa saa nyingi ikifanya kazi chini ya asilimia 30 hivi ya uwezo wake, hoteli ikiwa haina wageni kwa mfano, ekzosi huanza kudondosha majimaji meusi ya dizeli na oili ambayo haikuungua. Injini haikufanyishwa kazi ngumu hata siku moja, lakini imeharibika.

Kwa hiyo kilomita 40 kwa saa bila mzigo hadi kilomita 2,000 ni njia ya kuipeleka kanta yako kwenye ukioo huo. Shemeji naye ana nusu ya ukweli: ringi zinataka shinikizo, na shinikizo haliji bila kukanyaga. Ila kukanyaga mpaka mwisho na kubaki pale kunaleta shida nyingine. Nyuso mpya za chuma zina vichomozi vidogo sana ambavyo bado havijasagika, navyo vikigusana kwa nguvu na kwa muda mrefu hupata moto kuliko oili inavyoweza kuuondoa. Hapo pistoni inakwaruza silinda, na mkwaruzo wa namna hiyo hauponi. Kanuni niliyoifuata miaka yote ni hii: mzigo wa wastani, mguu unaobadilika, na kamwe usikae muda mrefu kwenye mwendo mmoja. Viwanda vya leo vinazikamilisha kuta za silinda vizuri kuliko zamani, kwa hiyo sehemu kubwa ya kupatana kwa ringi hufanyika mapema, katika saa za mwanzo kabisa za kazi. Ndiyo maana safari zako za kwanza zina uzito kuliko zile za mwezi ujao.

Na hapa safari yako ina jambo ambalo pengine hamkulifikiria. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama mita 1,130. Ukitoka na viazi unapita Mau Summit, Londiani Junction, Kericho, Awasi, Ahero, na ukijumlisha yote unateremka zaidi ya mita 1,300. Yaani gari lina mzigo linapoteremka, wakati mteremko wenyewe unalisukuma na injini haina kazi kubwa, kisha linapanda tupu. Kwa mfanyabiashara hiyo ni raha, dizeli inaokolewa. Kwa ringi mpya ni hasara, kwa sababu ule moto wa kuzikandamiza ukutani haupatikani huko kwenye kuteremka.

Kwa hiyo katika kilomita 1,000 za kwanza nakuomba ufanye hivi. Nenda Kisumu na magunia 30 badala ya 60. Hayo ya kilo 50 yanakupa tani moja na nusu, nusu ya uwezo wa gari. Kisha usirudi tupu. Tafuta mzigo wa kupandisha: mchele wa Ahero, sukari ya Muhoroni au Chemelil, hata saruji ya mtu anayejenga Londiani, mradi ni tani moja hadi moja na nusu. Ukikosa kabisa, heri ubaki na magunia kumi ya mchanga nyuma kuliko kupanda mtupu. Ule mlima wa kutoka Ahero kuelekea Kericho, ukiwa na nusu mzigo, ndio shule bora ya injini yako. Kuanzia kilomita 1,000 hadi 1,500 ongeza pole pole, magunia 40, kisha 50. Ukishavuka hapo, na oili ya kwanza ikishabadilishwa, pakia zako 60. Zaidi ya 60 usipakie hata gari likiwa la zamani, na hilo si kwa ajili ya injini peke yake.

Mlimani, mwambie dereva asiing'ang'anie gia kubwa. Kuna madereva wanaoona fahari kuumaliza mlima na gia ya nne huku gari zima linatetemeka. Injini inapovuta mzigo mzito ikiwa na mizunguko michache, shinikizo linakuwa kubwa na pampu ya oili iko taratibu. Beringi za kranki zinabaki na oili nyembamba mno, na moto wa ekzosi unapanda. Ashushe gia mapema, auache mshale wa mizunguko ucheze kati ya 1,800 na 2,600 hivi, na asivuke robo tatu ya mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Akanyage hadi theluthi mbili, avute kama dakika moja, aachie kidogo, avute tena. Anapoachia, moto unapungua, oili inapata nafasi ya kuosha chembe za chuma zilizosagika na kuzishusha kwenye bakuli la oili chini ya injini, kisha filta izipate.

Kuteremka nako kuna adabu yake. Dizeli ikiwa kwenye gia, magurudumu yanaweza kuizungusha injini kupita kiasi hata mguu ukiwa umeondolewa kabisa, na kile kifaa kinachozuia mizunguko isizidi hakina uwezo wa kulizuia hilo, kwa sababu kinachofanya ni kukata dizeli tu. Basi gia ishushwe kabla ya mteremko kuanza. Kama kanta yako ina breki ya ekzosi, itumike, lakini kwa vipande, huku mshale ukiwa mbali na ule mstari mwekundu. Watu wa barabara hii hawahitaji kukumbushwa ajali zilizotokea Salgaa kwa miaka mingi kwa sababu ya malori yaliyoteremka bila gia.

Kuanzia Awasi mpaka Kisumu ni tambarare ya Kano, na gari la biashara limefungiwa kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa. Kishawishi ni kulibana pale pale kwenye 80 mpaka mjini. Kwa wiki hizi za mwanzo asifanye hivyo. Aende 60, apande 75, ashuke 55, abadilishe gia. Ataona ni kazi ya bure. Mwelezee kwa nini.

Sasa jirani na nusu saa yake. Najua baridi ya Molo. Asubuhi nyingine zinashuka chini ya nyuzi 10. Lakini injini ya dizeli inayonguruma bila kazi haipati joto, hasa hizi za sasa ambazo zinatumia dizeli kidogo sana zikiwa zimesimama. Ikiwa baridi, sehemu ya dizeli haiungui. Inaosha oili ukutani na kuteremka mpaka kwenye oili ya chini, ikaifanya nyepesi. Ule moshi mweupe unaochoma macho uani ni dizeli mbichi. Washa, subiri kama dakika moja taa ya oili izimike na injini itulie, kisha ondoka. Lakini ondoka kwa upole. Mpaka mshale wa joto ufike mahali pake asivuke mizunguko 2,000, na hata ukifika aipe injini kilomita nyingine tano, kwa sababu oili inachelewa kupata joto kuliko maji. Na huko Kibuye, wapakuaji wakianza kazi, injini izimwe. Kuacha gari linanguruma saa nzima ili simu ya dereva ipate chaji ni kuirudisha injini kwenye ugonjwa ule ule.

Kuna wakati mmoja tu ambapo kunguruma bila kusogea ni lazima, nao ni kabla ya kuzima baada ya kazi nzito. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikiwa imebebwa na oili peke yake, na upande wake mmoja unapigwa na gesi ya moto wa ekzosi. Ukiwa umetoka kupanda mlima na mzigo, ukaegesha Kericho kunywa chai na kuzima hapo hapo, oili iliyobaki kwenye turbo inasimama na kuungua ikawa makaa. Mara chache za kwanza hutaona kitu. Miezi ikipita, shafti inaanza kutikisika na mapanga yanagusa nyumba yake. Dakika mbili au tatu zinatosha. Ukiwa umezunguka mjini taratibu, hata hizo huzihitaji.

Oili ya kwanza. Kitabu cha gari lako kina kilomita zake, na usizipitishe hata kwa siku moja kwa sababu udhamini wako unategemea muhuri unaopigwa kitabuni kwa huduma hiyo. Lakini kama kitabu kinakuambia usubiri hadi 5,000 au zaidi, mimi ningeitoa oili na filta kwenye kilomita 1,000 hadi 1,500, kwa gharama yangu, kisha niendelee na ratiba ya kitabu kama kawaida. Chuma kinachosagika wakati huu ni kingi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha ya injini, na bei ya oili hiyo ukiilinganisha na mkopo wako ni ndogo. Weka risiti, na oili iwe ya daraja lile lile la kitabu. Hapo udhamini hauguswi. Muombe fundi aipasue filta ya zamani mbele yako. Vumbi laini linalometameta ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida, na hapo gari linarudi kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, soma kitabu kwenye ukurasa wa matumizi magumu. Karibu kila kitabu kinao na karibu hakuna anayeufungua. Vumbi, milima, mzigo kamili, kusimama na kuondoka: hayo ndiyo maisha ya gari lako kila siku, na ratiba ya ukurasa huo ndiyo yako, mara nyingi nusu ya kilomita za kawaida.

Kuhusu aina ya oili, kuna mabishano marefu kwamba oili ya sinthetiki ni laini mno, ringi haziwezi kusagika ndani yake. Kwa injini iliyofunguliwa na kukwaruzwa upya gereji, mimi pia huanza na oili ya madini. Kwa injini mpya ya kiwandani usijisumbue. Watengenezaji wengi huitoa kiwandani ikiwa na sinthetiki tayari. Angalia maandishi tu. Kitabu kikisema 15W-40 ya API CI-4 au CK-4, mtungi nao useme hivyo. Kama kanta yako ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, oili lazima iwe yenye majivu machache, na CI-4 haifai humo kwa sababu majivu yake yatakiziba kichujio. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la kama nyuzi 600. Taa yake ikiwaka, usizime gari mjini. Toka uende barabara kuu dakika 20 mpaka kimalize kazi yake.

Nunua oili kwa wakala anayejulikana, kwa sababu bandia zipo na mitungi yake inapendeza. Na mtungi ukiisha utoboe kabla ya kuutupa, usije ukajazwa tena na kuuziwa mtu mwingine.

Usishtuke oili ikiwa nyeusi siku mbili baada ya kubadilishwa. Katika dizeli ni masizi, na oili inafanya kazi yake ya kuyabeba. Kinachotakiwa kukushtua ni kijiti cha oili kuonyesha imepanda. Oili haizaliani. Ikipanda, dizeli au maji yanaingia humo; ikinuka dizeli ni nozo au kichujio cha masizi kinachoshindwa kujisafisha, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ni maji.

Dizeli yenyewe. Tangu Januari 2015, dizeli inayoruhusiwa kuuzwa Kenya haitakiwi kuzidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na hilo limezisaidia sana injini zetu. Tatizo lililobaki ni mikono ya watu. Pampu na nozo za siku hizi zinafanya kazi kwa shinikizo la bar 1,600 na zaidi, na zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri. Ukichanganyiwa, gari litatembea leo na kesho, huku pampu ikijikwangua na kutuma chembe za chuma kwenye kila nozo. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiua tamaa ya kuchanganya, na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, hukagua stesheni. Hata hivyo usichukue dizeli ya mitungi ya kando ya barabara, hata ikiwa rahisi kwa shilingi ishirini. Chagua stesheni mbili zenye magari mengi, moja Molo au Nakuru na moja Kisumu, ushikamane nazo. Ukikuta lori la mafuta linashusha, subiri au nenda kwingine, maana uchafu wa chini ya tangi lao umetibuka. Na jaza tangi jioni. Molo usiku ni baridi, na unyevu wa hewa iliyo kwenye tangi tupu unageuka matone ya maji kabla ya asubuhi. Kikombe cha kutenganisha maji chini ya filta ya dizeli kifunguliwe kila wiki, hata taa haijawaka.

Vumbi ndilo linaloua injini nyingi huku kwetu kuliko yote niliyoyataja. Udongo wa Mau Narok ukikauka ni unga mtupu, na ndani yake mna chembe ngumu kuliko chuma cha ringi. Filta ya hewa ikiwa nzima, hakuna shida. Shida inaletwa na usafishaji. Kijana anaitoa kila siku, anaigonga kwenye tairi, anaipiga hewa ya kompresa mpaka karatasi inapata matundu yasiyoonekana, kisha anairudisha ikiwa imekaa upande. Kuanzia hapo turbo inavuta vumbi moja kwa moja. Mwambie asiiguse mpaka kiashiria cha filta kiwe chekundu, au kwa ratiba ya kitabu. Ikibidi kupuliza, apulize kutoka ndani kwenda nje, kwa shinikizo lisilozidi bar 2, mara moja tu, na mara inayofuata ununue mpya. Kila mwezi pitisha kidole kwenye bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye turbo. Ukikuta vumbi ndani ya bomba hilo, simamisha gari.

Kwenye rejeta tumia kimiminika cha kupozea kilichoandikwa kwenye kitabu. Molo maji matupu yanachemka kwenye kama nyuzi 92, na injini yako inafanya kazi karibu na hapo hapo. Ni kifuniko cha rejeta na kimiminika hicho vinavyoyazuia yasichemke. Maji ya visima vya upande wetu wa Bonde la Ufa yana madini mengi, floridi ikiwemo, na yakichemshwa kila siku yanaacha magamba kwenye njia nyembamba za bloku na silinda hedi. Ukikwama njiani ukaweka maji ya kisima, yamwage ufikapo nyumbani.

Jambo la mto Nyando nisilisahau. Mvua za masika zikiufurisha mto, barabara ya Ahero hufunikwa. Maji yakifika usawa wa mdomo wa kuvutia hewa, injini itayanywa, na maji hayabaniki. Pistoni inagonga maji, mkono wake unapinda, na udhamini haulipi. Uliza yanafika wapi kabla ya kuingia. Gari likizima ndani ya maji, dereva asijaribu kuliwasha tena. Livutwe, nozo zitolewe, maji yatoke kwanza.

Madogo ya wiki ya kwanza: nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 100 na mzigo wa kwanza, boliti za springi vile vile, na klipu za mabomba ya hewa ya turbo ziangaliwe. Oili ya giaboksi na difu nazo zina siku yake ya kwanza kwenye kitabu.

La mwisho nalitaka ulifanye wewe mwenyewe, usimwachie dereva. Chukua daftari. Kila Jumatatu asubuhi, gari likiwa limelala mahali tambarare, vuta kijiti cha oili, andika kilomita na usawa wa oili, na kama umeongeza andika kiasi. Injini mpya kula oili kidogo ni kawaida, na kila wiki inatakiwa ipungue, mpaka kufikia kilomita 8,000 au 10,000 iwe imetulia. Baadaye siku hiyo, injini ikiwa na joto na inanguruma, legeza kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo ni sawa. Ikipuliza kwa nguvu, kifuniko kikiruka, au ekzosi ikitoa moshi wa bluu unapokanyaga baada ya kuteremka, ringi hazikukaa. Ukiona hivyo na kilomita 10,000 zimepita, usikubali kuambiwa itazoea. Peleka daftari kwa aliyekuuzia, udai kipimo cha kompresheni na cha gesi inayopenya chini kabla udhamini haujaisha, matokeo yaandikwe kwa kila silinda na kupigwa muhuri, na nakala ubaki nayo wewe.